Barua ya wazi kwa wachungaji na wazee wa kanisa: tuachieni Alhamisi yetu

Kwa wachungaji, wazee wa kanisa, na mama zetu viongozi wa idara ya wanawake,

Bwana Yesu asifiwe.

Jumapili iliyopita, katikati ya matangazo mengine, ilisomwa taarifa fupi kwamba kuanzia mwezi ujao vikundi vya wanawake vya kusoma Neno vitapangwa upya. Walioolewa watakaa peke yao, wasichana peke yao, wajane peke yao. Kila kikundi kitapewa kijitabu kimoja cha tafakari za kila siku kilichopitishwa na ofisi, na mwisho wa mwezi kiongozi wa kikundi ataleta taarifa ya maandishi yenye idadi ya waliohudhuria, mambo yaliyozungumzwa na mahitaji ya maombi. Haikuchukua hata dakika moja kusomwa. Tukaimba, tukapokea baraka, tukatoka.

Mimi ni mmoja wa wale saba wa Alhamisi. Mnatufahamu, ndio wanaorudisha viti mahali pake na kuzima taa. Mkubwa wetu amemzika mume na watoto wawili. Mdogo wetu bado anasoma chuo. Wawili wana waume, mimi nikiwa mmoja wao. Mwingine ni mjane wa juzi tu, ambaye mumewe aliugua muda mrefu kabla ya kufariki. Yuko ambaye hajaolewa na wala hatafuti. Na yuko ambaye mumewe aliondoka nyumbani miaka sita iliyopita bila talaka wala kwaheri. Huyu wa mwisho ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Tulipokuwa tunatoka alinisogelea pale mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba anauliza njia: "Sasa mimi niende kundi gani?"

Sikuwa na jibu. Kwa hesabu yenu si mke, maana mume hayupo. Si mjane, maana mume yu hai. Na msichana si msichana. Barua ya kwanza niliyoandika usiku ule niliichana, ilikuwa na maneno ambayo mtu haandiki kwa wazee wake. Hii ni ya pili, na nimeipa siku nne ipoe.

Naomba kwanza niwaeleze tunavyosoma, kwa sababu nadhani hakuna aliyewahi kuuliza. Hatuna mwalimu. Tunafungua na zaburi moja, kwa mfuatano, kila Alhamisi moja, na kwa kuwa zaburi ziko 150 tulijua tangu mwanzo kwamba tumejifunga karibu miaka mitatu. Kisha tunasoma sura moja ya kitabu tunachokipitia. Tunasoma kwa zamu, kwa sauti, mara mbili. Baada ya mara ya pili tunanyamaza. Ukimya huo mwanzoni ulitutesa, mtu anakohoa, mwingine anatazama saa. Siku hizi ndio ninaoungoja wiki nzima. Halafu kila mmoja anasema neno alilolisikia, si mahubiri, neno tu, na sababu iliyomfanya alisikie. Kisha maombi.

Utaratibu huu hatukuutoa kitabuni. Ulitokana na mama yetu mkubwa, ambaye alijifunza kusoma akiwa mtu mzima na husoma kwa kidole. Biblia yake imeachia mshono, ameifunga kwa utepe wa nguo, na kidole chake hupita chini ya neno moja baada ya jingine kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Ilibidi wote tumsubiri. Na kwa kumsubiri tukagundua kwamba miaka yote tulikuwa tunasoma kwa mbio. Baadaye dada mmoja mgeni alituambia kwamba watawa wamesoma hivi kwa karne nyingi, na kwamba katika karne ya 12 mtawa aitwaye Guigo aliandika juu ya ngazi ya vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, na kutulia mbele za Mungu. Mama yetu akacheka, akasema yeye alikuwa anatafuta tu herufi.

Mwezi uliopita tulimaliza Ruthu. Siku tulipoanza, sura ya kwanza ilimwangukia yeye. Kidole kikaenda, kikaenda, kikafika mstari wa 20, pale Naomi anaporudi Bethlehemu na wanawake wa mji wanamshangaa, naye anawaambia wasimwite Naomi, wamwite Mara, kwa kuwa Mungu amemtendea mambo machungu. Kidole kikasimama. Hakulia. Alikiweka tu pale, juu ya neno Mara, kwa muda ambao sitaweza kuupima. Binti yetu wa chuo, ambaye husoma kwenye simu, akaizima simu akaiweka chini, akasogea akaweka mkono wake mgongoni mwa mama. Tangu siku hiyo wale wawili huja pamoja na kuondoka pamoja. Mmoja ana miaka zaidi ya sabini, mwingine ishirini na mmoja.

Kwa mpango mpya hawatakutana tena.

Wazee wangu, hebu tazameni urafiki wa wanawake uliomo ndani ya Maandiko, ule tunaohubiriwa kila mara. Ruthu na Naomi ni mkwe na mama mkwe, mmoja kijana na mwingine ameshasema yeye ni mzee mno hata kuolewa tena. Mariamu na Elisabeti ni msichana aliyeposwa na mwanamke mkongwe, mke wa kuhani. Malaika alipomweleza Mariamu habari za jamaa yake, hakumwagiza aende. Aliondoka mwenyewe, kwa haraka, akaenda nchi ya milimani. Na Elisabeti, ambaye alikuwa amejificha miezi mitano, alimbariki yule binti kabla hajaeleza lolote. Luka anasema alikaa huko kama miezi mitatu. Kwa utaratibu wenu Mariamu angepelekwa kundi la wasichana, Elisabeti angekaa na walioolewa, na ule wimbo wa Mariamu sijui tungeusikia wapi.

Hata ile Tito sura ya 2 mnayoisoma kila mnapowasimika mama zetu wa idara, inayosema wanawake wazee wawafundishe wanawake vijana, watawafundisha vipi ikiwa wako chumba kingine?

Si Biblia peke yake. Kule Roma, mwishoni mwa karne ya 4, mjane aitwaye Marcella aliigeuza nyumba yake ya kilima cha Aventino kuwa mahali pa wanawake kusoma Maandiko na kuomba. Yeronimo, yule aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini, alipokuwa Roma kati ya mwaka 382 na 385, Marcella alimwandama kwa maswali, wala hakukubali jibu kwa sababu tu limetoka kwa mtu mkubwa. Yeronimo alipoondoka, watu waliobishana juu ya fungu fulani la Maandiko walimwendea Marcella. Na Yeronimo mwenyewe anaeleza kwamba alipojibu alisema jibu si lake, kalitoa kwa Yeronimo au kwa mtu mwingine, asije akawaudhi wanaume, na wengine wao walikuwa makasisi. (Nilipoisoma habari hii nilitabasamu. Nasi tunao wa namna hiyo.)

Lakini ninalolikumbuka zaidi ni mwisho wake. Mwaka 410 Wagothi walipouvamia mji, askari waliingia nyumbani kwake wakidai dhahabu. Akawaonyesha nguo yake duni. Hawakumwamini, wakampiga. Marcella alikuwa mzee, na alikuwa na msichana aitwaye Principia aliyeishi naye. Kipigo hakikumtoa machozi. Aliwaangukia miguuni akiwasihi wasimtenganishe na Principia, maana alijua kitakachompata binti yule akibaki mikononi mwao. Wakawaacha, wakawapeleka wote wawili kwenye kanisa la Mtume Paulo. Marcella hakukaa muda mrefu akafariki, mikononi mwa Principia. Haya tunayajua kwa sababu Yeronimo aliyaandika katika barua, na barua yenyewe alimwandikia Principia.

Najua kundi la rika lina faida zake. Kuna mambo msichana hawezi kuyasema mbele ya mtu wa umri wa mama yake, na wajane wana lugha yao ambayo sisi wengine tunaisikia tu kwa mbali. Wakutanisheni, hata kila mwezi, wala hatutakosa. Ombi langu ni kwamba mkutano huo usiuue ule mwingine.

Sasa kijitabu. Nilikichukua ofisini, nikakisoma chote jalada hadi jalada, kwa heshima ya waliokiandaa. Sina ugomvi na tafakari za kila siku. Nimekulia humo. Wamoravia wa Herrnhut huko Ujerumani wamekuwa wakichapa kitabu chao cha neno la siku tangu mwaka 1731 hadi leo, na neno lenyewe mara nyingi halizidi mstari mmoja. Robert Murray M'Cheyne, mchungaji kijana wa Dundee huko Uskoti, mwaka 1842 aliwapangia waumini wake ratiba ya kuisoma Biblia yote, na ratiba hiyo inatumika mpaka sasa: sura nne hivi kwa siku, Agano la Kale mara moja kwa mwaka, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Mambo ya namna hiyo yanakushika mkono, yanakupeleka kwenye Maandiko, kisha yanakuachia mlangoni uingie.

Kijitabu chetu kinakubakiza sebuleni. Nusu ya mstari, kisa kizuri, sala ya sentensi mbili, siku imekwisha. Yeremia 29:11, ule mstari wa mawazo ya amani wala si ya mabaya, nimeuhesabu mara tatu. Mstari wa 10 haumo hata mara moja.

Huo mstari wa 10 una historia kwetu. Dada yetu yule mjane, mumewe alipokuwa mgonjwa, alitumiwa 29:11 na watu wengi hadi akaacha kufungua ujumbe. Siku moja akaja nao Alhamisi, akasema tuusome kwenye Biblia, tuanzie juu. Tukaanzia juu. Kumbe ni barua. Yeremia anawaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli, anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waozeshe watoto wao, wauombee amani mji ule ule uliowateka, kwa sababu hawarudi karibuni. Itapita miaka 70 kwanza. Dada akarudia, "Sabini?" Tukapiga hesabu kwa vidole. Watu wazima walioisikia barua ile mara ya kwanza, wengi wao walifia ugenini. Tulinyamaza wote, mimi nikiogopa kwamba tumemvunja moyo. Akafunga Biblia akasema, "Afadhali. Kumbe Mungu huwaandikia hata wale ambao hawatarudi." Mumewe alifariki majira yaliyofuata. Kauli ile ndiyo aliyoisimamia, na nadhani nusu ya mstari isingeweza kumbeba.

Kisha kuna Mithali 31, siku kumi mfululizo. Ni shairi zuri, mistari 22 kwa mfuatano wa herufi 22 za Kiebrania, na sina neno nalo. Ila naomba siku moja mtu atukumbushe mimbarani kwamba sura ile inaanza kwa kusema ni maneno ambayo mfalme Lemueli alifundishwa na mama yake. Mama alikuwa anamwambia mwana wa kiume. Sisi tumeshayasikia sana, nadhani zamu imewafikia wana.

Hajiri hayumo kwenye kijitabu. Tamari binti Daudi hayumo. Yule suria wa Waamuzi 19, ambaye hata jina hakupewa, hayumo. Tulipoisoma sura ile mwanzoni mwa mwaka, hakuna aliyesema kitu kwa muda mrefu, na mmoja wetu akasema jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu yeyote tangu utotoni. Sitasema ni nani wala ni nini. Ninasema tu kwamba sura ndiyo iliyompa ruhusa.

Na Zaburi ya 88 haimo. Hii ilimwangukia dada yetu asiye na kundi. Hatukumchagulia, ilikuwa zamu yake na ilikuwa Alhamisi ya 88. Kama mnavyojua, zaburi nyingi za kilio hugeuka mahali fulani, mtu analia mistari kumi kisha anasema walakini nitamsifu. Ile haigeuki. Inaanza kwa kilio, inaendelea kwa kilio, na mstari wa mwisho unamlalamikia Mungu kwamba amemtenga na mpenzi na rafiki, kisha inaishia gizani. Alisoma mpaka mwisho. Akafunua ukurasa kutafuta iliyobaki. Akaona Zaburi ya 89. Akarudi nyuma, akatuuliza, "Imeishia hapa?"

Mama yetu akamjibu, "Imeishia hapa, mwanangu."

"Na waliiacha hivi hivi kwenye Biblia?"

"Waliiacha."

Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza mbele yetu, baada ya mwaka mzima wa kuja na kukaa kimya na kurudisha viti. Wapendwa, kama tungekuwa na kijitabu siku ile, chini ya zaburi kungekuwa na kisa cha kutia moyo.

Nije kwenye taarifa ya mwisho wa mwezi, na hapa sina budi kujianika.

Vikundi vya wanawake vina maradhi yake, na sitawaficha. Umbea ukivaa kanga ya maombi unaingia hadi madhabahuni. "Tumwombee dada fulani" inaweza kuwa dua, na inaweza kuwa habari mpya iliyotafutiwa njia ya kupita. Tunashindana pia, nani anafunga zaidi, nani huamka saa ngapi kuomba. Paulo alilazimika kuwataja Euodia na Sintike kwa majina katika barua iliyosomwa mbele ya kanisa zima, wapatane, na hao ni wanawake anaosema waliishindania Injili pamoja naye. Kwa hiyo sijidanganyi kwamba saba wa Alhamisi ni malaika.

Zamani kidogo, mmoja wetu alitueleza jambo la nyumbani kwake. Jumapili ya pili yake likasikika mimbarani: "kuna dada mmoja hapa hapa kanisani..." Jina halikutajwa, lakini vichwa viligeuka. Hakuonekana kanisani miezi minne. Aliyelitoa ni mimi. Nilikuwa nimempelekea kiongozi mmoja, kwa nia njema kabisa, "kwa ajili ya maombi." Kiongozi akampelekea mwingine, kwa ajili ya maombi. Likafika kwa mhubiri likiwa mfano mzuri wa mahubiri. Hakuna aliyekusudia ubaya, na dada yule alivuliwa nguo mbele za watu mia.

Nilikwenda kwake mara tatu. Mara ya tatu alinifungulia. Tangu hapo tuna kanuni moja tu: kila mtu huombewa lile alilolisema mwenyewe, pale pale, na halivuki mlango. Asiyekuwepo hatumwombei kwa habari, tunamwombea kwa jina. Taarifa mnayoitaka, yenye sehemu ya "mambo yaliyozungumzwa" na "mahitaji ya maombi," ni kosa langu lililofanywa kuwa utaratibu. Nitawaletea idadi ya waliohudhuria kwa furaha. Ni saba.

Naelewa hofu iliyo nyuma ya haya. Mzee mmoja aliniambia bila kuficha: wanawake wakikaa peke yao na Biblia bila mwangalizi, mafundisho potofu huingia. Akanitajia 2 Timotheo 3:6, juu ya wale wanaojipenyeza nyumbani na kuwateka wanawake wajinga. Ni kweli imeandikwa. Ila mistari tisa mbele, katika sura ile ile, Paulo anamkumbusha Timotheo kwamba ameyajua Maandiko matakatifu tangu utoto, na sura ya kwanza ilishatuambia imani hiyo ilikaa kwanza kwa nani: bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Baba yake alikuwa Myunani. Mtu aliyemfundisha askofu huyo mdogo kusoma Maandiko hakuwa na mwangalizi.

Na mfalme Yosia, kitabu cha torati kilipookotwa hekaluni na watu wakatetemeka, aliwatuma kuhani mkuu Hilkia na mwandishi Shafani wakamwulize Bwana, nao wakaenda kwa Hulda, mke wa mtunza mavazi. Yeremia alikuwa ameshaanza kutabiri wakati huo. Wakaenda kwa Hulda.

Nimeazima pia kisa kimoja cha huko Uingereza, kwa kuwa chenyewe ni barua kwa mchungaji. Susanna Wesley alikuwa mke wa mchungaji wa Epworth. Alizaa watoto 19, waliokua hadi utu uzima ni 10. Majira ya baridi ya mwaka 1711 kuingia 1712, mumewe Samuel alikuwa London kwa shughuli za kanisa, na kasisi msaidizi aliyeachiwa zamu hakuwa akiwalisha watu vizuri. Susanna akaanza kuwakusanya watoto wake na watumishi jikoni Jumapili jioni, anawasomea sala na hotuba moja. Jirani mmoja akaomba aje, akaja na mwingine, hata wakafika kama 200, wengine wakarudi kwa kukosa pa kusimama. Kasisi msaidizi akaandika London kushtaki kwamba jikoni kuna watu wengi kuliko kanisani.

Samuel akamwandikia mkewe kwamba haipendezi, kama ni lazima basi mtu mwingine asome. Susanna akajibu kwamba kati ya wanaume waliokuja haoni hata mmoja awezaye kusoma hotuba bila kuvuta herufi moja moja. Na mume aliposhikilia, mwezi Februari 1712 alimwandikia jambo ambalo nimelisoma mara nyingi: usiniambie kwamba unatamani niache, niamuru, kwa maneno ya wazi yasiyo na mashaka, ili lawama isiwe juu yangu siku tutakaposimama mbele ya kiti cha hukumu. Samuel hakuamuru. Kati ya watoto waliokuwa katika nyumba ile alikuwepo John, mwenye miaka minane, na Charles, mwenye minne, ambao kanisa lolote linalojua habari za Wamethodisti au linaloimba tenzi halihitaji kuelezwa habari zao.

Mimi si Susanna, wala sitamani kuwajibu kwa ukali wake. Ila nimeona alichofanya: alimwachia mwenye mamlaka mzigo wa uamuzi wake. Taarifa ya Jumapili ilisema vikundi "vitapangwa," kana kwamba vitajipanga. Nawaombeni, kama Alhamisi yetu inavunjwa, basi mmoja wenu aje atutazame usoni saba sote na kusema, ninaivunja. Na amwambie dada yetu aende wapi.

Kama hamtaivunja, kuna mengine tunayohitaji kweli. Kabati la ofisini lina kamusi ya Biblia na vitabu vya ufafanuzi ambavyo vumbi lake halijaguswa. Tuazimeni, tutaandika jina na tarehe. Baba mchungaji anayejua Kigiriki aje mara moja kila miezi miwili tumuulize maswali tuliyoyakusanya, tunayo ukurasa na nusu. Na wapo akina mama vijana wanne wanaotamani kuja ila hawana wa kuwaachia watoto. Wazee wa kanisa wako kumi na wawili. Wawili wawili, saa moja kwa wiki, kila mtu atapata zamu mara moja baada ya wiki sita. Nimeshazungumza na mume wangu, ameanza kukubali.

Alhamisi hii tunaingia 1 Samweli. Sura ya kwanza ina mwanamke anayeomba bila sauti na kuhani aliyeketi penye mwimo wa mlango akiitazama midomo yake, akidhani amelewa. Mlango wetu uko wazi, kiti cha nane kipo, atakayekuja aje na Biblia yake. Dada yetu ameniuliza jana kama aje au asubiri maelekezo. Nimemwambia aje, zamu ya kusoma ni yake.

Ni mimi, dada yenu katika Kristo,
mmoja wa saba wa Alhamisi